Mtani Aliyelia

Siku Neema alipozikwa, Yuliana ndiye aliyetakiwa kuwachekesha watu.

Halikuwa jambo la kuchagua. Ukoo wake na ukoo wa marehemu ni watani tangu kwa bibi zao, na pale Lukwele, kijiji kilichojibanza juu kwenye milima ya Uluguru, upande wa mikarafuu, maiti haitoki ndani mpaka watani wafanye kazi yao. Wao ndio wanaochimba kaburi na kupika. Wanavaa nguo za marehemu na kumwigiza alivyotembea na alivyosema, wanazuia jeneza mlangoni mpaka wafiwa watoe chochote. Wanasema lolote na hakuna wa kukasirika. Sharti ni moja: mtani haruhusiwi kulia. Wafiwa walie, yeye achekeshe, na hapo katikati watu wapate nguvu ya kumfukia mtu wao.

Yuliana alisifika kwa kazi hiyo. Wanawake wenzake walisema anaweza kumchekesha hata bwana afya aliyekuja kukagua vyoo. Lakini asubuhi ile alikuwa amekaa kwenye kitanda cha Neema, ameshika sweta la kijani la marehemu, na mikono yake haikutaka kulivaa.

Daniel, mume wa marehemu, aliingia na kitenge cha kwendea kanisani.

"Na hiki pia," alisema. "Usimwonee huruma. Mwenyewe alikuwa anasema, siku nikifa Yuliana atanimaliza."

"Nitajitahidi."

Sauti ilitoka nyembamba mno kwa mtu aliyekuja kutania. Daniel alimtazama, akaweka kitenge kitandani, akatoka.

Neema alikuwa amefia njiani, Jumanne saa nane mchana, yeye na mtoto aliyekuwa bado tumboni. Njia ya kutoka Lukwele kwenda kwenye barabara ya magari inashuka vizuri mpaka kwenye mikarafuu ya Mzee Pazi. Pale haipiti. Inakata kushoto, inaingia korongoni, na mtu anashuka kwenye mawe karibu saa nzima kabla ya kupanda tena upande wa pili. Ukisimama kwenye mikarafuu unaiona barabara hapo chini, unaona na bati la duka na magari yanavyopita. Ni hatua mia na kidogo. Lakini shamba lile ni la ukoo wa mama yake Neema, na Mzee Pazi, mjomba wake, ndiye aliyewekwa kulilinda.

Yuliana alijua kitu kingine, na hicho ndicho kilichomzuia kulivaa lile sweta. Miaka miwili nyuma mtendaji wa kijiji, kijana mmoja anayeitwa Rogers, aliitisha mkutano. Alisema halmashauri iko tayari kuleta greda na makalvati, mradi wananchi watoe ardhi na kuchimba njia ya kwanza wenyewe. Watu walikaa kimya, kila mtu akijua ardhi inayotakiwa ni ya nani. Ndipo aliposimama Neema, ambaye hata kanisani alikuwa anasoma somo huku amefunika mdomo kwa kiganja.

"Mimi namwomba mjomba atufikirie," alisema. "Wanawake tunashuka lile korongo na mimba. Mjomba, ni mikarafuu kumi na moja tu."

Na Yuliana, aliyekuwa amekaa nyuma yake, hakuweza kujizuia. Mtani akisimama mbele za watu lazima ataniwe.

"Huyu hataki njia," alisema kwa sauti. "Anataka bodaboda imfuate mpaka mlangoni. Daniel, kamata mke wako, atakukimbia."

Mkutano mzima uliangua kicheko. Mzee Pazi akadakia, "Na wewe ukipanda hiyo bodaboda tairi litapasuka," na watu wakacheka mpaka wengine wakalala chini. Kufikia walipotulia, Rogers alikuwa ameshaingia kwenye ajenda ya choo cha shule. Neema naye alicheka, kiganja mdomoni, akakaa. Walipokuwa wanarudi nyumbani alimwambia, "Leo umeniweza, mtani." Hakusimama tena kwenye mkutano wowote.

Nyumbani kwa Yuliana alikuwapo Elizabeth, bintiye, mwenye mimba ya miezi saba. Mtoto wa kwanza alitolewa kwa upasuaji, na nesi wa zahanati alikuwa ameandika kwenye kadi yake kwa wino mwekundu kwamba safari hii ajifungulie hospitali ya mjini. Neema naye aliandikiwa hivyohivyo. Alipanga kuteremka wiki iliyofuata. Uchungu haukusubiri.

Yuliana alivaa sweta. Lilinuka moshi na karafuu.

Alipotoka uani amefunika mdomo kwa kiganja, akitembea kwa kuinama kidogo, watu walipata mshtuko kwanza, kisha kicheko kikaanzia kwa wanawake wa jikoni kikaenea.

"Jirani, naomba chumvi," alisema. "Ile ya juzi imeisha. Nitarudisha."

"Hujawahi kurudisha," mtu alijibu.

"Basi leo nizikeni na deni langu."

Mzee Pazi alikuwa amekaa mlangoni na wazee wenzake, mrefu, mkavu, amevaa koti la suti lililopauka mabegani. Yuliana alimsogelea, akaacha sauti ya Neema akamtania kwa yake mwenyewe.

"Mume wangu, mbona umevaa koti la harusi? Unazika au unaoa?"

"Naoa," alijibu Pazi, macho yake mekundu. "Ila wewe sikuoi. Wewe ni kibuyu kilichotoboka, kila kinachoingia kinavuja."

Watu walicheka. Hata Daniel alicheka. Ilikuwa inakwenda kama inavyotakiwa kwenda, na Yuliana alianza kuamini kwamba atamaliza salama. Ndipo alipoiona machela, imeegemezwa kwenye ukuta wa jiko: mianzi miwili na blanketi lililofuliwa lakini alama ya damu haikutoka.

Hakuwa amepanga. Aliiangusha chini, akalala juu yake chali.

"Wabebaji wangu wako wapi?" aliuliza. "Mimi ni mgonjwa. Nipelekeni hospitali."

Watu walishangilia. Mtani akitaka kubebwa msibani anabebwa. Wanaume wanne waliombeba Neema Jumanne walisukumwa mbele, wa kwanza akiwa Hashimu, mpasua mbao, mwenye mabega mapana kuliko mlango.

"Ewe mama, una uzito wa wagonjwa wawili," Hashimu alisema, akainua.

Walishuka naye kijiji kizima kikifuata, watoto, wazee, wanawake wameacha masufuria motoni. Jeneza lilibaki ndani na katekista na bibi wawili. Kwa robo saa nzima walikuwa wanaimba nyimbo za kumkejeli marehemu, kwamba chumvi ya Lukwele yote imekwenda naye. Yuliana alitazama juu. Mawingu yalikuwa yanapita, kisha majani ya mikarafuu, kisha machela ikasimama.

"Shuka sasa, mtani," alisema Hashimu. "Korongoni hubebeki."

"Jumanne Neema alishuka?"

Hashimu aliukaza upya mwanzi begani.

"Basi na mimi sishuki."

Waliingia korongoni. Mara moja kichwa chake kikawa chini kuliko miguu, na damu ikamjaa usoni. Wa mbele walichuchumaa, wa nyuma walishikilia kwa vidole. Mmoja aliteleza, machela ikalala upande, na Yuliana akadaka mzizi uliokuwa ukutani mwa korongo. Mzizi ule ulikuwa umechubuka. Mtu mwingine aliwahi kuushika. Nyimbo zilikatika bila mtu kuzizuia, zikabaki pumzi za wabebaji na maji chini ya mawe.

Penye jiwe pana Hashimu alisimama bila kuambiwa.

"Ni hapa," alisema.

Yuliana alitakiwa aseme kitu cha kuchekesha. Alikuwa nacho, alikiandaa tangu kule juu. Alifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa sauti ya Neema, ya mkutanoni, kama ilivyokuwa.

"Mjomba, nipitishe hapo juu. Ni mikarafuu kumi na moja tu."

Kisha akalia. Alilia kwa sauti, amelala kwenye ile machela, akiwa amevaa sweta la mtu mwingine.

Juu kwenye ukingo Mzee Pazi alikuwa amesimama na fimbo yake. Hakuna aliyecheka. Alitoa noti kwenye koti, akainama, akainyoosha kuelekea korongoni, kwa sababu hivyo ndivyo watani wanavyokombolewa ili maziko yaendelee.

"Chukua. Tukazike."

"Sitaki hela. Nataka njia."

Mwanamke mmoja wa ukoo wa Pazi, tena mtu mzima, alianza kulia kwa kwikwi.

"Haya," alisema Pazi. "Chukua njia. Tukamzike mtoto wangu."

Walimzika Neema kabla jua halijaegemea mlima.

Siku ya tatu, tanga lilipokwisha, Mzee Pazi alimwita Yuliana kwake. Hakumwita kibuyu wala chochote. Alimwonyesha kigoda.

"Ulilia," alisema.

"Nililia."

"Mtani akilia si mtani tena. Anakuwa mfiwa kama mimi, na mfiwa hana la kumtoza mfiwa mwenzake. Neno langu nimelirudisha."

Yuliana aliangalia mikono yake.

"Na jambo la pili. Kumwigiza mtu ni kumwigiza. Wewe ulimtumia. Ile miti aliipanda mama yangu, na kaburi lake liko palepale. Shamba si langu, ni la mama zangu wote, mimi nimewekwa tu nisilipoteze. Watu wanasema Pazi anapenda karafuu kuliko watu. Nimezika mpwa wangu juzi. Nani amempenda kuliko mimi?"

Alisema kweli. Alitembea kurudi nyumbani akijiona amefanya mabaya mawili: mara ya kwanza alichekesha palipotakiwa machozi, mara ya pili akalia palipotakiwa kicheko. Elizabeth alikuwa anachambua maharage mlangoni. Alimwuliza mama yake wameongea nini, na Yuliana akasema wameongea ya msibani.

Lakini kuna jambo ambalo yeye na Pazi hawakulijua. Kijiji kilikuwa kimeshuka korongoni pamoja. Kwa miaka mingi kila nyumba ilipeleka mgonjwa wake peke yake, na wabebaji wanne, na kilichotokea kule chini kilibaki kwa wale wanne. Sasa watu wote walikuwa wameona machela ikilala upande. Hakuna aliyeitisha kikao. Jumamosi ile Hashimu alichukua jembe na sururu, akateremka mpaka barabarani, akaanza kuchimba kupanda juu. Mke wake alimfuata na chepe. Kufikia saa nne walikuwa watu thelathini.

"Mimi sikuitwa na mtu," Hashimu alimwambia Rogers, aliyefika na daftari kutaka kujua kikao kilichoamua ni kipi. "Mabega yangu haya yamebeba watu saba kwenye lile korongo. Waliorudi wakitembea ni wawili. Andika hilo kwenye daftari."

Walikuja walimu wa shule ya msingi. Walikuja Waislamu wa kitongoji cha chini, ambao msibani walifika na mchele. Wanawake wa ukoo wa Pazi mwenyewe walikuja, kwanza wawili, kisha saba, wakibeba mawe kwa beseni bila kutazama upande wa mikarafuu. Watu walipopumzika walikuwa wanatajana. Mama yangu alipasuliwa mguu na jiwe lile. Mdogo wangu alijifungulia kwenye ule mfenesi. Kila mtu alidhani ni bahati mbaya ya nyumba yake. Yuliana alichimba nao, akasikiliza. Hakutania. Walipomchokoza alitabasamu tu, na baada ya muda waliacha.

Jumamosi ya pili njia ya kutoka chini ilifika kwenye mpaka wa mikarafuu. Ya kutoka kijijini ilikuwa imefika tayari. Katikati pakabaki shamba la Pazi, safi, miti imesimama kwenye mistari.

Hakuna aliyeingia. Walikaa chini kwenye udongo mpya, huku na huku, wakitazamana kupitia kwenye miti. Mzee Pazi alikuwa katikati, kwenye kaburi la mama yake, fimbo magotini.

"Tukate," alisema kijana mmoja. "Alitoa neno mbele ya watu wote. Tukate, tuone."

Yule mwanamke mtu mzima wa ukoo wa Pazi alisimama akajipangusa udongo.

"Ukigusa mti mmoja, mimi naondoka na jembe langu, na ndugu zangu wanaondoka. Tumekuja kuchimba. Hatukuja kumvunjia mzee heshima kwenye kaburi la mama yake."

"Mtendaji apeleke barua wilayani basi."

"Barua itafika mwakani," alisema Hashimu. "Wakati wa mvua hii tutabeba nani?"

Watu hawakumtazama Elizabeth, lakini Yuliana aliona jinsi walivyojitahidi kutomtazama. Alikuwa amekaa kwenye gogo, miguu imevimba, beseni tupu mapajani. Zilibaki wiki sita kwa hesabu ya nesi, na mawingu yalikuwa yameanza kushuka kutoka vilele vya Uluguru.

Yuliana alisimama, akavuka mpaka. Baadhi ya watu walianza kutabasamu, maana hao wawili wakikutana lazima kuna kitu. Aliwasikia wakinyamazishana ili wasikose neno. Alifika mbele ya Mzee Pazi, akapiga goti.

"Shikamoo, mzee Pazi."

Nyuma yake mtu aliguna. Hakuna mtu wa Lukwele aliyewahi kumsikia Yuliana akimwamkia Pazi. Mtani haamkiwi; ukimwamkia umeuvunja utani. Mtani anatukanwa, na hiyo ndiyo heshima yake.

Pazi aliinua uso.

"Unajua unachofanya?" alimwuliza taratibu.

"Najua."

"Marahaba."

"Nimekuja kukwambia kitu bila mzaha," alisema Yuliana. "Msibani nilikosea. Nililia, na nikamtumia marehemu, na neno lako ulikuwa na haki ya kulirudisha. Lakini kuna kosa kubwa kuliko hilo. Neema alikuomba njia hii mwenyewe, kwa mdomo wake, mkutanoni. Mimi nikamfanya kichekesho. Wewe hukukataa, mzee. Hukupata nafasi hata ya kukataa. Wote tulicheka, akakaa chini. Kila siku namwona akirudi kukaa kwenye benchi. Sasa naomba mimi. Siombi kwa utani. Naomba kama jirani, na kama mama wa yule aliyekaa pale kwenye gogo. Ukikataa, umekataa, nitanyanyuka na nitakwamkia tena kesho."

Mzee Pazi aligeuza fimbo mikononi. Midomo yake ilicheza, na kwa muda Yuliana alidhani anataka kumtukana, na moyo wake uliruka kwa matumaini.

"Mimi nina miaka sabini na minne," alisema Pazi. "Nilikuwa nimekwisha kukuwekea lile koti. Nilisema, siku yangu ikifika, atalivaa huyu. Sasa atalivaa nani?"

Yuliana aliinamisha kichwa.

"Ulikuwa unaniiga vizuri," alisema mzee. "Hata kikohozi."

Alisimama kwa kujikongoja, akanyoosha mkono kwa watu waliokuwa upande wa kijijini, kiganja juu. Hashimu alielewa, akamletea panga. Pazi alikwenda kwenye mkarafuu wa kwanza kwenye mstari wa njia, akaweka kiganja kwenye gome, akatamka jina la mama yake, kisha la mama wa mama yake, na majina mengine ambayo Yuliana hakuyafahamu. Alikata mwenyewe. Watu walibaki wamesimama mpaka mti ulipolala, harufu ya karafuu ikawafunika wote. Kwenye mti wa tatu alisimama kupumua, na yule mwanamke wa ukoo wake akalipokea panga.

Baada ya hapo ilikuwa kazi. Miti ilivutwa pembeni, majembe yakaingia kutoka pande mbili, vumbi likapanda. Hakuna aliyepiga vigelegele. Mawe ya upande wa chini yalikuwa bado, na Rogers alisema greda haliwezi kuja kabla ya kiangazi, lakini machela ingeweza kupita imelala sawa, na pikipiki ingefika mpaka kwenye kaburi la mama yake Pazi.

Jua lilipokuwa kali Yuliana alichota maji kwenye ndoo akawazungushia watu. Alimfikia Mzee Pazi, aliyekuwa amekaa kwenye kisiki kipya, akampa kikombe. Mzee alikipokea kwa mikono miwili, akanywa chote.

"Asante sana, mama Eliza," alisema. "Mungu akubariki kwa kazi."

Yuliana alisimama pale akisubiri kinachofuata, tusi la siku zote. Hakikufuata kitu. Mzee alikuwa amemrudishia kikombe na alikuwa anatazama miti iliyolala.

Alirudi kwenye gogo, akakaa karibu na bintiye, ndoo miguuni.

"Amesemaje?" aliuliza Elizabeth.

"Ameshukuru."

Elizabeth alimtazama yule mzee, kisha akamtazama mama yake. Aliliweka beseni chini, akasogea kwenye gogo, mabega yao yakagusana.